Skrubu ya goti: ya chuma au ya kuyeyuka?

Mleta mada:
Wakuu, mdogo wangu amekatika ligamenti ya ACL, ile ya katikati ya goti, uwanjani. Hospitali imetupa orodha ya vifaa vya kununua: kitufe cha kuning'iniza kipandikizi (kano atakayowekewa badala ya ligamenti) kwenye fupa la paja, na skrubu ya kuyeyuka mwilini ya kukibana kwenye muundi. Nikauliza, kwa nini isiwe ya chuma, ambayo ni nafuu? Nikaambiwa ni ya kizamani. Hapo nabisha. Mwaka 1987 mtafiti Kurosaka na wenzake walipima njia kadhaa za kubana, na skrubu ya chuma ya milimita 9 ikashika kuliko zote. Mwaka 2016 tathmini ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, ilizilinganisha hizi mbili: magoti yalifanya kazi sawa, ila za kuyeyuka zilileta kasoro zaidi, nyingine zikivunjika wakati daktari anazikaza. Sasa tuuze shamba kwa nini? Hela hiyo si bora ilipie mazoezi ya tiba?

Mchangiaji:
Mkuu, nakuelewa, lakini Kurosaka alipima kano ya pia ya goti, yenye vipande vya mfupa kila ncha. Mdogo wako atachukuliwa kano za nyuma ya paja, nyama laini tupu. Meno ya chuma yanaweza kuzichana. Na akiumia tena, chuma kitatia ukungu kwenye picha ya MRI.

Mleta mada:
La kano nimelikubali, sikuliangalia. Ila linazidi kunitia wasiwasi. Mfupa hushikana na mfupa kwa wiki 6 hivi, kano laini huchukua 8 hadi 12, na muda wote huo kinachoshikilia ni kifaa tu. Panapoachia zaidi ni chini, kwenye muundi, maana mfupa wake ni mlaini na mvuto unafuata moja kwa moja tundu lililotobolewa mfupani kupitishia kipandikizi. Kwa nini basi hawatuambii kuhusu kufunga nyuzi za kipandikizi kwenye skrubu ya kawaida yenye washa (kile kipete bapa cha chini ya kichwa chake), nje ya tundu? Wodi yoyote inayounga mifupa inayo. Ubaya wake naujua: kichwa cha skrubu hutokeza chini ya ngozi, kikauma ukipiga magoti. Dogo anaswali swala tano, lazima aambiwe kabla, achague mwenyewe. Aliyefungwa hivyo humu, unasujudu vizuri, au ilibidi uitoe?