Mjadala: Land Cruiser ukiinyanyua kwa springi ndefu uani kwako, nani aikague kabla haijarudi barabarani?

MLETA MADA, ARUSHA

Habari zenu ndugu zangu. Kila nikikaa na wenye magari ya porini hapa Arusha, mazungumzo yanaishia kwenye ugomvi uleule. Kundi moja linasema: gari ni langu, nimelilipia, spana ninazo, fundi anakuja nyumbani, hakuna wa kuniuliza nimefunga springi gani. Kundi la pili linataka gereji bubu na kazi za uani zipigwe marufuku kabisa, kila bolti ifunguliwe kwenye gereji yenye leseni.

Mimi siko na kundi lolote kati ya hayo. Naona wote wanagombania mahali kazi ilipofanyika, ilhali gari halijui kama lilifunguliwa chini ya mwembe au kwenye sakafu ya marumaru. La kuuliza ni kazi imegusa nini. Kama imegusa breki, usukani au chesisi (ile fremu ya chuma inayobeba gari), gari lisirudi barabara kuu mpaka mtu wa tatu, asiye mwenye gari wala fundi aliyeifanya kazi, ameingia uvunguni akalitazama. Mengine yote tuachiwe wenyewe.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililonipata. Nina Land Cruiser hardtop, ile ya mkonga (bomba la kuvutia hewa lililopanda juu), injini 1HZ ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Kwa wikendi mbili, mimi na fundi mmoja tuliinyanyua inchi 2 uani kwangu Sakina. Tulibadili springi na shokapu zote nne, tukatoa tairi za inchi 31 na kufunga za 33. Kazi ilikuwa safi. Kila nati tuliikaza kwa spana ya kupimia nguvu, na mpaka leo siioni aibu kazi ile.

Mwezi uliofuata nilitoka Karatu na familia, watu saba na mizigo. Pale barabara inapoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu, nikakanyaga breki nyuma ya lori na gari halikushika kama nilivyolizoea. Pedali ilikuwa ngumu, haikuzama, oili ya breki ilikuwepo. Lakini gari lilikuwa linakwenda. Nikashusha gia, nikapita kwenye changarawe ya pembeni, nikasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yananuka moto. Ya nyuma niliyagusa kwa mkono, yalikuwa vuguvugu tu.

Fundi mzee aliyekuja kutusaidia hakufungua kitu. Aliingia uvunguni na tochi, akaniita, akanionyesha fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Valvu ile inapima mzigo. Gari likipakiwa, springi zinalala, bodi inaikaribia ekseli, fimbo inaisukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu valvu inabana, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kukutupa. Sisi tulikuwa tumeinua bodi inchi 2 tukaiacha fimbo kama ilivyo. Kwa hiyo hata na watu saba ndani, valvu iliamini gari ni tupu. Breki za mbele zikabeba kazi yote.

Dawa yake ni kipande cha chuma chenye matundu mawili, cha kurudisha urefu uliopotea. Kazi ya nusu saa. Nilikuwa na wanangu wanne mle ndani.

Baada ya hapo nilianza kujisomea kila kilichobadilika bila mimi kujua. Tairi ya inchi 33 inaliinua gari inchi moja tu kuliko ya 31, maana nusu nyingine ya tofauti iko juu ya ekseli. Lakini mzunguko wake ni mkubwa kwa zaidi ya asilimia 6, kwa hiyo spidomita ikisoma 80, mimi niko kwenye 85. Kuna usukani pia. Land Cruiser hizi zenye springi za mviringo mbele, ekseli imeshikwa na mikono miwili ya chuma. Ukiinua bodi, mikono inaizungusha ekseli kidogo, na usukani unapoteza ile tabia ya kujirudisha katikati wenyewe. Kuna bushi maalumu zenye tundu lililokaa pembeni za kurekebisha hilo. Nani kati yetu alifunga bushi hizo siku aliyofunga springi ndefu?

Sasa wale wanaotaka kazi za nyumbani zipigwe marufuku, nanyi mnisikilize. Oili, chujio, grisi kwenye krosi za propela, kufungua habu na kusafisha beringi, brekipedi: haya kila mwenye gari la porini anapaswa kuyajua kwa mikono yake. Huko porini hakuna gereji. Mpira wa kupumulia wa difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, ni mfano mzuri. Difu ikiwa ya moto ukaingia mtoni, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, inavuta maji kupitia kwenye sili. Ukiurefusha mpira ule mpaka juu kwenye injini, maji hayana njia. Mtoto wa sekondari anaweza kuifanya kazi hiyo Jumamosi asubuhi. Asiyewahi kufungua difu yake hatajua kwamba oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni oili iliyoingia maji, na ataendelea kuendesha mpaka meno ya difu yaishe.

Naleta kwenu. Ukaguzi uwepo au usiwepo? Na mkaguzi awe nani?

FUNDI, UNGA LIMITED

Kaka, pole kwa yaliyokukuta, na nashukuru umesimulia bila kumtaja mwenzetu. Ila mada yako inaniumiza kidogo. Ukisikia neno "ukaguzi" wewe unaona usalama. Mimi naona foleni, karatasi, ada, na mtu ambaye hajawahi kushika spana akiniambia kazi yangu haifai. Mwenye gereji kubwa atalipa na kupita. Mimi mwenye jeki mbili na mashine ya kuchomelea ndiye nitakayefunga.

Mji huu umeishi kwa magari ya kukata. Ile Land Cruiser ndefu ya utalii yenye paa la kufunguka, mgeni anadhani ilitoka Japani vile. Haikutoka vile. Ilikatwa katikati, ikarefushwa, ikaongezwa viti na milango, na mikono mingi iliyoifanya kazi hiyo haina cheti.

Lakini sitaki kuficha, wapo wanaoharibu. Ukikata chesisi wima kama mkate kisha ukaunga palepale, mstari ule wa kuunga ndio utakaopasuka. Inakatwa kwa mshazari. Pleti ya kuimarisha iwe na ncha zilizochongoka, isiwe ya mraba, na usipitishe moto kukatisha ubavu wa juu na wa chini wa chesisi, maana hapo ndipo mzigo wote unapovuta. Nimeletewa magari yaliyopasuka pembeni kabisa ya pleti nzuri, nene, iliyopakwa rangi. Mwenye gari haoni kitu mpaka mlango uanze kugoma kufunga.

Na hao wanaofunga tabo kwenye 1HZ bila kifaa cha kupima joto la moshi, waache. Injini ile haikuzaliwa na tabo. Itavuta vizuri mlima mmoja, mlima wa pili hedi imepasuka. Ila hilo ni hasara ya mwenye gari, haliui mtu. Hapo nakubaliana na wewe kwamba injini isiingizwe kwenye ukaguzi.

Lete gari Jumamosi nilitazame mwenyewe, bure.

DEREVA WA UTALII, KARATU

Mnaongea wenye magari na mafundi. Mimi ndiye ninayeshuka nalo kreta ya Ngorongoro, na wageni sita nyuma yangu. Ukuta ule una kama mita 600 kwenda chini. Unaweka gia nzito, unaacha injini ishike, breki unazitunza. Hilo najua. Nisilolijua ni gari nililokabidhiwa asubuhi limefanywa nini usiku.

Mwajiri anaongeza tangi la mafuta, lita 180 kwa jumla. Dizeli hiyo peke yake ni karibu kilo 150. Anaweka tairi mbili za akiba, friji, betri ya pili, juu ya paa anafunga keria na hema. Hakuna aliyekata chesisi, hakuna aliyegusa breki, kwa hiyo kwa kipimo chako mleta mada, gari hilo halikaguliwi. Na bado si gari lile lililotoka kiwandani. Uzito wa juu ndio unaopindua gari kwenye kona za vumbi.

Mimi sitaki kituo cha ukaguzi kwanza. Nataka karatasi moja ndani ya gari, kwenye sanduku la mbele, imeandikwa: springi hizi, zimefungwa tarehe hii, tairi saizi hii, uzito mwisho huu. Dereva aisome kabla hajawasha. Hata hiyo hatuna.

MZANZIBARI, MASKATI

Assalaam aleykum. Huku Omani kubadili gari bila ya kibali cha polisi ni kosa, na watu wa huku wanapenda mchanga kuliko chakula. Ijumaa wapo majangwani, tairi wameshapunguza upepo, wanapanda matuta.

Nawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Jirani yangu ana seti mbili. Siku ya kukaguliwa gari anafunga tairi na springi za kiwandani. Akisharudi nyumbani anafunga zile kubwa. Kazi ya kufunga na kufungua anaifanya usiku, kwa haraka, chini ya taa ya simu, na mwanawe anamshikia jeki. Hapo ukali wa sheria umezalisha hatari ambayo haikuwapo. Basi mkiandika sheria, iandikeni iwe rahisi kwa mtu kusema kweli.

Na kwa wanaofanya kazi nyumbani: jeki ni ya kunyanyulia tu. Usiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki. Weka stendi, kama huna stendi weka magogo, na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya chesisi.

MWENYE LAND ROVER, NANYUKI

Ndugu zangu wa Tanzania, mimi naogopa mtawapa serikali mlango na wataingia na nyumba nzima. Huku Kenya tayari kumekuwa na mjadala wa kuleta ukaguzi wa kila mwaka kwa magari ya binafsi yaliyozidi miaka minne. Wakishamaliza hapo watauliza nani alibadilisha hiyo gasketi.

Gari langu ni Defender, na la mwisho la aina yake lilitoka kiwanda cha Solihull Januari 2016. Mwaka 1948 walipoanza kuliunda, bodi waliifanya ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na karibu kila kitu wakakifunga kwa bolti. Ukigonga mbawa ya mbele, lile bati la juu ya tairi, unaifungua, unafunga nyingine. Baba yangu alinifundishia spana kwenye gari kama hilo. Gari lililoundwa ili mkulima alitengeneze shambani, leo niambiwe nahitaji shahidi? Mafundi wa jua kali ndio waliotufikisha hapa.

MLETA MADA, ARUSHA

Mzee wa Nanyuki, shikamoo. Gasketi siigusi, mbawa siigusi. Na kwa kuwa umelitaja gari la Mwingereza, tazama wao wenyewe walivyokuwa wakilihesabu mpaka mwaka 2025. Ukibadili gari sana kule, walikuwa wanaliwekea alama kujua kama bado ni lilelile. Chesisi asilia ilikuwa na alama 5. Springi na shokapu, ekseli, giaboksi, usukani, kila kimoja alama 2. Injini ilikuwa na alama 1 tu. Ukipata chini ya 8, au ukiikata chesisi, ulikuwa unapoteza namba yako na gari linapimwa upya. Hiyo ni hesabu ya kutambua gari, si ya breki, najua, lakini fikra yake ndiyo ninayoitafuta: hawakuuliza ulifanyia wapi, waliuliza umegusa nini.

Dada wa Karatu, umenirekebisha. Nilisahau uzito kabisa, na mimi mwenyewe nina tangi la pili na keria. Karatasi yako naiweka mbele ya ukaguzi wangu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu, lakini dereva atajuaje ubovu wa kitu ambacho hakuambiwa kipo?

Sheikh wa Maskati, hilo la jirani yako limenifanya niache kufikiria kituo cha serikali. Hata ukaguzi wa polisi wa stika ya Nenda kwa Usalama unaangalia taa, wipa, tairi, breki kwa ujumla, na sidhani tochi inafika kwenye ile fimbo ya nyuma. Fikra yangu sasa ni fundi kumkagua fundi. Mafundi wa mji wakubaliane wenyewe, aliyefunga asisaini, asaini mwenzake wa gereji ya pili, jina na tarehe kwenye karatasi ile ya dada. Gari likileta maafa, karatasi ipo. Nani ataanza bila kulazimishwa, bado sijapata jibu.

Fundi wa Unga Limited, Jumamosi nakuja. Nitakuja na mizigo yote na watu wazima sita ndani, ili springi zilale kama siku ile. Uingie uvunguni wewe, mimi nitakaa pembeni na nisikuambie pa kutazama.