Anayesema "kutibu maskini ni kazi ya kanisa, si ya serikali" alete hesabu mezani

Wanajamvi, uzi huu nauandika kwa hasira na sina sababu ya kuificha. Kila mjadala wa bima ya afya ya umma Marekani unapofufuka, hoja ileile inarudi kutoka mimbarini na kwenye televisheni za Kikristo, na nyuzi za Kiswahili zinaibeba nzima nzima bila kuitafuna: Yesu alimwagiza muumini, hakumwagiza Kaisari, huruma inayokatwa kwenye kodi si huruma, mgonjwa maskini ni wa kanisa, serikali ikae pembeni.

Haya, tupige hesabu. Mwaka 2023 sadaka zote za Wamarekani kwa dini, kwa makadirio ya Giving USA, ripoti ya kila mwaka ya utoaji wa hisani Marekani, zilifika kama dola bilioni 146. Mwaka huohuo Medicaid, ile bima ya watu wa kipato cha chini inayolipwa na serikali kuu pamoja na majimbo, ilitumia kama dola bilioni 870. Chukua kila senti iliyoingia kwenye kila kapu la sadaka, usimlipe mchungaji hata mmoja, usilipe umeme, usitengeneze paa, usitume mmishonari popote. Utakuwa umefika moja ya sita ya Medicaid. Medicare, bima ya serikali ya wazee wa miaka 65 na kuendelea, hujaigusa, na hiyo peke yake ilipita dola trilioni 1. Kwa hiyo anayesema "kanisa litabeba" ama hajawahi kuona hesabu hizi, ama anajua halitabeba na hajali nani ataanguka.

Kinachonikera zaidi ni kwamba serikali hiyo wanayoiambia ikae pembeni ndiyo imewabeba wao mgongoni.

Anza na vitabu. Shirika la hisani la kawaida Marekani hujaza kila mwaka Fomu 990: mapato, matumizi, mishahara ya wakubwa, na yeyote anaweza kuisoma. Kanisa limesamehewa. Halilazimiki hata kuomba kutambuliwa kuwa halilipi kodi. Ndiyo maana mashirika yasiyo na ibada ya Jumapili wala ubatizo yameomba yahesabiwe kama kanisa au umoja wa makanisa, na pazia likashuka.

Halafu nyumba. Kifungu cha 107 cha sheria ya kodi kinasema nyumba ya kanisa anayokaa mchungaji si mapato yake kikodi, na akipewa posho ya nyumba badala yake, nayo si mapato. Masharti yapo: baraza la kanisa litenge kiasi hicho kabla hakijalipwa, na kisamehewe kile kilicho kidogo kati ya vitatu, yaani kilichotengwa, kilichotumika kweli, au kodi ya pango ya nyumba kama hiyo pamoja na samani na umeme. Ukomo wa dola hakuna. Jumba likiwa kubwa, msamaha nao unakuwa mkubwa. Tena akiwa na mkopo wa nyumba, riba yake anaruhusiwa kuitoa tena kwenye mapato, kwa pesa ambayo tayari haikutozwa. Jaji mmoja wa Wisconsin aliitangaza posho hii kuwa kinyume cha katiba mwaka 2017. Mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake mwaka 2019.

Na kuna Fomu 4361, ambayo wengi hapa hamjawahi kuisikia. Mchungaji Marekani huhesabiwa kama aliyejiajiri upande wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo hudaiwa asilimia 15.3: 12.4 ya mafao ya uzeeni na ulemavu, 2.9 ya Medicare. Kwa fomu hii anatamka kwamba dhamiri yake au misingi ya dini yake inapinga kupokea bima ya umma, na matibabu yametajwa humo, kwa kazi yake ya uchungaji. Mwisho wa kuiwasilisha ni tarehe ya mwisho ya kupeleka ritani ya kodi ya mwaka wa pili ambao amepata angalau dola 400 za kazi hiyo. Ikishakubaliwa hairudishwi. Kuisaini ili kuokoa pesa ni kinyume cha masharti yake, lakini nani atapima dhamiri? Mwenye miaka 10 ya makato kwenye kazi nyingine, au mwenye mke aliyekatwa, akifika 65 anaingia sehemu A ya Medicare, ile ya kulazwa hospitali, bila kulipia ada, na sheria inamruhusu. Wanaoumia ni wachungaji wadogo wa makanisa ya watu 60, walioshauriwa wasaini wakiwa na miaka 28. Wakipooza kwa kiharusi katikati ya utumishi hawana fao la ulemavu. Hao nawahurumia kwa dhati.

Sasa ndege. Mwaka 2015 mhubiri Creflo Dollar wa Georgia aliomba watu 200,000 watoe dola 300 kila mmoja ili huduma yake inunue Gulfstream G650, ndege ya kama dola milioni 65. Mwaka 2018 mhubiri mwenzake Jesse Duplantis wa Louisiana aliomba Falcon 7X ya dola milioni 54, akaeleza kwamba Yesu angekuwa duniani leo asingepanda punda. Mwaka huohuo mhubiri Kenneth Copeland wa Texas alipata Gulfstream V. Sisemi hawa watatu ndio wanaoongoza upinzani dhidi ya bima ya umma. Nawataja kwa sababu wanaonyesha pesa inavyotiririka pasipo mlinzi.

Na mlinzi kwenye karatasi yupo. Kiongozi akijilipa kupita haki, kifungu cha 4958 kinamtoza asilimia 25 ya kilichozidi, na 200 asiporudisha. Waliopitisha malipo hayo wakijua hutozwa asilimia 10. Safari binafsi kwa ndege ya huduma ni mapato yake na yatozwe. Ila angalia mnyororo unakatikia wapi. Baraza la kupitisha mshahara linakuwa mke, mtoto na wachungaji marafiki wanaopitishiana. Fomu 990 haipo, kwa hiyo muumini haoni. Mamlaka ya kodi nayo, kwa kifungu cha 7611, haiwezi kuanza kuuliza mpaka ofisa wa ngazi ya juu aandike kwamba ana sababu ya kuamini kuna kosa. Mwaka 2009 mahakama moja ya Minnesota ikasema ofisa aliyekuwa akisaini hakuwa wa juu vya kutosha, na ukaguzi ukakwama.

Seneta Chuck Grassley alijaribu. Novemba 2007 aliziandikia huduma sita akitaka hesabu: za Copeland, Dollar, Benny Hinn, Eddie Long, Joyce Meyer, na ya Randy na Paula White. Ripoti ilitoka Januari 2011. Waliotoa ushirikiano kamili ni wawili, Meyer na Hinn. Adhabu, hakuna hata moja.

Wengine watasema kanisa limeshaleta mbadala: vyama vya Kikristo vya kuchangiana gharama za matibabu. Nimeona watu wanavisifia humu kana kwamba ni bima ya bei nafuu, na hapo ndipo watu wanapoumizwa. Si bima, na mikataba yao wenyewe inasema hivyo waziwazi: hakuna ahadi ya kulipa. Unatoa mchango wa mwezi, unabeba mwenyewe kiwango cha kwanza, bili zinazobaki unaziwasilisha zipitiwe. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga kwa kawaida haulipwi mpaka upite muda wa kusubiri, na vingine havigusi uraibu wala mimba ya nje ya ndoa. Sheria ya afya ya 2010 iliwasamehe wanachama faini ya kukosa bima, kwa sharti kwamba chama kiwe kimekuwapo na kuchangiana mfululizo tangu 31 Desemba 1999 na kikaguliwe na mkaguzi huru kila mwaka. Faini yenyewe ikashushwa hadi sifuri kuanzia 2019. Majimbo yapatayo 30 yameviondoa vyama hivi chini ya wasimamizi wa bima, kwa hiyo kikianguka hakuna mfuko wa dhamana wa kukuokoa. Sharity, iliyoanza kwa jina la Trinity HealthShare mwaka 2018, ilifilisika mwaka 2021 na wanachama wakabaki na bili zao mikononi. Kabla hujatuma hata dola, omba ripoti ya mkaguzi, tafuta kifungu cha magonjwa ya awali, na uliza ni kiasi gani cha kila dola 100 kinaenda kwa kampuni ya masoko.

NYONGEZA, kwa mkuu aliyejibu kwamba "Marekani hakuna anayefukuzwa hospitali":

Mkuu, unachokitaja ni sheria ya 1986. Inailazimisha hospitali yenye idara ya dharura na inayopokea Medicare imchunguze kila anayeingia, imtulize, au imhamishe salama. Basi. Mwenye saratani atatulizwa maumivu, kozi ya dawa za saratani hatapewa. Mwenye kisukari ataokolewa akiwa amezimia, insulini ya mwezi ujao ni juu yake. Na bili inamfuata nyumbani.

Sheria ya 2010 ilikusudia watu wazima walio chini ya asilimia 138 ya kiwango cha umaskini waingie Medicaid nchi nzima. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua mwaka 2012 kwamba kila jimbo lichague. Majimbo 10 hayajapanua, Texas, Georgia, Florida, Alabama na Mississippi yakiwemo, ingawa serikali kuu inalipa asilimia 90 ya gharama hiyo. Texas, mtu mzima wa chini ya miaka 65 asiye na mtoto wala ulemavu, na asiye mjamzito, hapati Medicaid hata kipato chake kiwe sifuri. Ruzuku ya kununua bima sokoni nayo inaanzia asilimia 100 ya kiwango cha umaskini. Aliye chini zaidi ndiye asiyepata chochote. Majimbo hayo yamejaa makanisa makubwa kuliko viwanja vya mpira.

Kwa dada aliyeuliza kuhusu "kupokea uponyaji na kuacha dawa":

Dada yangu, imani ya mtu siigusi. Isaya 53:5 ni andiko takatifu na anayeliomba aliombe. Nisichovumilia ni mhubiri anayefundisha kwamba kumeza kidonge ni kukiri ugonjwa. Insulini ikiachwa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mwili unaanza kuunguza mafuta, damu inageuka tindikali, na ndani ya siku chache mtu anaweza kufa. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla huweza kuleta degedege mfululizo zisizokoma. Dawa za VVU zikiachwa, kwa wengi virusi vinarudi kupimika ndani ya wiki 2 hadi 4, na mtu bado anajisikia mzima. Presha ndiyo inayodanganya kuliko zote kwa sababu haiumi. Ushuhuda unatolewa Jumapili hii, kiharusi kinakuja miezi baadaye, na hakuna anayeviunganisha.

Mwaka 2013 surua iliingia Eagle Mountain International Church, kanisa la huduma ya Copeland huko Texas, kupitia mgeni aliyeambukizwa ng'ambo. Waliougua katika mlipuko ule, ndani ya kaunti mbili, walifika 21. Waliofuatilia nani amekaa karibu na nani walikuwa wafanyakazi wa afya wa serikali, na kanisa lenyewe likafungua milango watu wachanjwe. Walifanya vizuri. Ila miaka mitano baadaye Gloria Copeland, mke wa Kenneth, akasema kwenye video, katikati ya msimu mkali wa mafua, kwamba Yesu mwenyewe ndiye ametupa chanjo ya mafua. Jamani, somo la 2013 lilikwenda wapi?

Kwa aliyeweka 2 Wathesalonike 3:10 kudai kwamba asiyefanya kazi asipewe Medicaid:

Soma tena andiko lako: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Hataki. Arkansas ilijaribu jambo hilo kwenye Medicaid kuanzia Juni 2018: saa 80 za kazi kwa mwezi, ukikosa miezi mitatu unatolewa hadi mwaka uishe. Kuripoti kulianza kwa tovuti pekee, na tovuti hiyo ilifungwa kila siku saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi. Anayetoka zamu ya usiku aripoti lini? Zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima kabla jaji hajausimamisha mpango Machi 2019, na utafiti uliofuata haukuona ajira ikiongezeka. Wengi walikuwa wanafanya kazi au walistahili msamaha. Kilichowashinda ni fomu.

Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaleta saa hizo 80 kwa majimbo yaliyopanua, mwisho wa kuanza ukiwa 1 Januari 2027. Kama kanisa lako liko huko na mchungaji anaiunga mkono, mwambie Desemba 2026 iwepo meza baada ya kila ibada, yenye kompyuta, printa na mtu anayeijua tovuti ya jimbo, waumini waje na hati za mshahara za miezi mitatu iliyotangulia, na wagonjwa waje na barua ya daktari inayosema kwa maneno yaliyo wazi kwa nini hawawezi kufanya kazi.