Ulinganisho: hospitali ya rufaa, hospitali binafsi au kituo cha wakunga? Mliokwisha kujifungua nisaidieni

Mtarajiwa

Dada zangu, nina wiki 30, mimba ya kwanza, na bado sijaamua nitajifungulia wapi. Kliniki wanasema presha iko sawa, mtoto ametanguliza kichwa, hakuna cha kunitisha. Kinachonichanganya ni simulizi za watu. Nimewauliza akina mama watatu, kila mmoja anaapa kwamba alikojifungulia yeye ndiko.

Wa kwanza alikwenda hospitali kubwa ya rufaa. Madaktari wapo muda wote na damu ipo, lakini alikaa kwenye benchi na uchungu wake mpaka kitanda kikapatikana, na wauguzi walikuwa hawana hata nafasi ya kumjibu. Wa pili alikwenda hospitali binafsi: chumba chake peke yake, mume pembeni, wanamwita kwa jina. Wa tatu alijifungulia kituo kidogo cha wakunga. Alitembea, akachuchumaa, akazaa bila mshono hata mmoja. Hicho kituo ndicho kilicho karibu na kwangu. Ya rufaa ndiyo ya mbali kuliko zote.

Nyinyi mlichagua kwa kuangalia nini? Na mngepewa nafasi ya kuchagua tena, mngeangalia nini?

Mama Wawili

Hongera mdogo wangu. Mimi nimepita kwenye mbili kati ya hizo tatu.

Mtoto wa kwanza nilimzaa hospitali binafsi. Ungeniuliza jioni ya siku ile ningekupa sifa tupu. Usiku njia ikagoma kwenye sentimita 7, na kila uchungu ukija mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka. Mkunga akasema huyu ni wa upasuaji. Hapo ndipo nilipojua kwamba daktari wa kupasua yuko kwake amelala, na wa usingizi naye anapigiwa simu. Tulisubiri karibu saa mbili nzima. Namkumbuka yule mkunga alivyonigeuza ubavu wa kushoto, akawa anasikiliza tumbo huku macho yake yakiwa mlangoni. Mtoto alitoka amechoka, hakulia mara moja. Leo ni mzima kabisa, lakini zile saa mbili sijazisahau.

Wa pili nilimzaa hospitali ya rufaa, kwa njia ya kawaida. Walinieleza kwamba mwenye kovu la upasuaji anaweza kujaribu, ila awe mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko tayari, kwa sababu kovu likiachia, na ni mara chache, hakuna muda wa kupigiana simu. Ile habari ya benchi ni ya kweli, nami nililikalia. Mtoto akatoka, kondo likatoka, damu ikawa haikatiki. Mimi sikujua kama ni nyingi. Mkunga ndiye aliyejua. Alipaza sauti mara moja tu, na kabla sijauliza kuna nini walikuwa wanne: mmoja anakanda tumbo kwa nguvu, mwingine anatafuta mshipa mkono wa pili, wa tatu anapima kwenye mizani vitambaa vilivyolowa, wa nne anavuta dawa kwenye sindano. Yule wa tumbo alikuwa akiniambia, "Niangalie mimi mama, usifumbe macho." Jina langu hakulijua, na kwa saa ile sikuhitaji alijue.

Kwa hiyo waulize hao rafiki zako: ulijifungua saa ngapi, na nani alikuwepo? Anayejifungua saa nne asubuhi siku ya kazi na anayejifungua saa tisa usiku hawakujifungulia hospitali moja, hata kama jengo ni lile lile.

Mama wa Alfajiri

Naomba kituo cha wakunga kisionekane cha kubahatisha. Nimezaa mara mbili kwa wakunga na sitaki kubadilisha. Mkunga alikuwa wangu peke yangu tangu nilipoingia. Nilitembea, nikapiga magoti, nikaegemea kitanda, hakuna aliyenilazimisha kulala chali. Nilipofikia kusukuma alinikandamizia kitambaa cha moto chini na kuniambia nisikimbilie, nipumue. Sikuchanika. Mtoto akawekwa kifuani kwangu akiwa bado na kitovu chake, wakasubiri kiache kudunda ndipo wakakata.

Ila kabla ya kujiandikisha niliuliza: mambo yakiharibika natoka hapa kwa usafiri gani, na nafika baada ya dakika ngapi? Walinionyesha gari limeegeshwa mlangoni na dereva wake yupo. Kama jibu lingekuwa "tutapiga simu", nisingezalia pale, hata wakunga wangekuwa wema namna gani.

Mkunga wa Zamu

Nimefanya kazi leba miaka mingi, hospitali kubwa na ndogo, niruhusuni niseme kidogo.

Simulizi la mama mwenzako lina thamani pale tu mimba yake inapofanana na yako. Aliyezaa mtoto wa nne kwa saa tatu hawezi kukuambia kituo kinamhudumiaje mwenye uchungu wa kwanza. Mwenye mapacha, mwenye presha, mwenye kovu la upasuaji, mtoto aliyetanguliza matako: hawa waende hospitali yenye chumba cha upasuaji, haijalishi nani amesifia wapi. Mwenye mimba isiyo na shida anaweza kuzaa vizuri sana kwa wakunga, mradi hiyo njia ya rufaa ni ya kweli, kama alivyosema Mama wa Alfajiri.

Watu hupenda kuuliza hospitali fulani inapasua wangapi. Swali ni zuri, lakini lina mtego. Hospitali ya rufaa inapokea wagonjwa wa vituo vyote vya chini, kwa hiyo lazima ipasue zaidi. Ile asilimia 10 hadi 15 inayotajwa tangu tamko la Shirika la Afya Duniani la mwaka 1985 ilihusu nchi nzima, siyo jengo moja. Afadhali uulize: mwenye mimba ya kwanza isiyo na shida, kama mimi, mnamsubiri mpaka lini kabla ya kusema njia imesimama? Tangu 2018 shirika hilo linahesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 5, na linasema si lazima njia ifunguke sentimita moja kila saa. Ukiambiwa "kila saa sentimita moja, la sivyo kisu", uliza tena.

Uliza pia kuhusu damu. Kila mama anatakiwa kuchomwa sindano ya kukaza mfuko wa uzazi mara mtoto anapotoka, kwa kawaida oksitosini yuniti 10, na damu ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Macho hudanganya, hata ya mkunga mzoefu. Kufikia mililita 500 tunatakiwa tuwe tumeshaanza kukimbia. Wakikuambia wanapima, waombe wakuonyeshe wanapimia nini.

Na wewe Mtarajiwa, kundi lako la damu ni lipi? Angalia kadi ya kliniki.

Mama Njiti

Mimi nitasema jambo moja. Wangu alikuja wiki ya 32. Nilipozalia palikuwa pazuri, nawashukuru, ila hapakuwa na chumba cha njiti. Mtoto akapelekwa hospitali nyingine, mimi nikabaki na mshono. Siku mbili sikumwona. Nilikuwa nakamua maziwa kwenye kikombe, ndugu yangu anapeleka, anarudi kuniambia amekunywa kiasi gani.

Nilipomfikia walimfungia kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, usiku na mchana. Muuguzi aliniambia njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi. Nilihisi pumzi zake zikitulia pale pale shingoni kwangu. Kwa hiyo niulizie hivi: mtoto akihitaji msaada, anabaki nami au anaondoka? Na akiondoka, mimi naondoka naye?

Baba wa Kwanza

Mke wangu alihitaji mtu wa kumshika mkono tu. Hospitali ilituambia "msindikizaji anaruhusiwa", tukafurahi. Siku yenyewe nikaambiwa naruhusiwa mpaka mlango wa leba. Ulizeni anaruhusiwa kufika wapi, na wakati wa upasuaji inakuwaje.

Neema Tele

Jamani na kauli pia. Mimi kila kitu cha kitabibu kilikwenda sawa, lakini nilipigiwa kelele, na niliongezwa njia bila kuambiwa neno. Nilisikia mkasi ndipo nikajua. Baadaye nikasoma kwamba kuongezwa njia haitakiwi iwe desturi kwa kila mwanamke, ifanywe penye sababu na mama akubali. Kovu limepona, ila mimba ya pili niliiogopa miaka mitano. Usimruhusu mtu akuambie heshima ni jambo la ziada. Mama anayeogopa kukemewa hasemi kwamba kichwa kinamuuma na anaona maruweruwe, na kifafa cha mimba huanza hivyo hivyo.

Mkunga wa Zamu

Neema, pole sana. Ulichosema mwishoni ni kweli tupu, nimekiona kwa macho yangu.

Mtarajiwa

Nimerudi. Kwanza, Mkunga, asante. Kadi yangu imeandikwa O hasi, na hakuna aliyewahi kuniambia maana yake.

Mkunga wa Zamu

Basi nenda kesho, usisubiri miadi. Damu ya mtoto ikiwa chanya, unatakiwa kuchomwa sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, ili mwili wako usije ukashambulia damu ya mimba zijazo. Sehemu nyingi hutoa nyingine kwenye wiki ya 28, nawe umeshaipita, kwa hiyo liulize hilo kwanza.

Mtarajiwa

Nimekwenda, nimepimwa tena, nimechomwa. Halafu nikazunguka kote kutatu na maswali yenu mkononi. Kituo cha wakunga nilikipenda, gari lipo, lakini hiyo sindano ya anti-D ya baada ya kujifungua hawana. Hospitali binafsi nilikwenda saa tatu usiku kwa makusudi. Mlinzi alikuwa mkarimu, muuguzi pia, daktari wa usingizi "anafika haraka". Hospitali ya rufaa walinionyesha mizani ya kupimia damu, na chumba cha upasuaji kiko mlango wa tatu kutoka leba. Msindikizaji anaingia mpaka ndani. Benchi nililiona, lilikuwa limejaa, na mama mmoja alikuwa ameinama akilia taratibu.

Naenda huko kwenye benchi. Dada yangu ndiye atakayeingia nami, na nimemwambia kazi yake ya kwanza ni kuuliza "unamfanyia nini na kwa nini" kila mtu anaponishika. Mkoba nimeshaupanga. Kadi ya kliniki iko juu kabisa, na hiyo O hasi nimeizungushia wino mwekundu.