Gurdwara yetu imeungua: tujenge palepale au tuuze kiwanja?

Seremala_Moshi
Wakuu, habari za leo. Mimi ni Kalasinga mzaliwa wa Moshi. Sasa naishi Uingereza, na waumini wenzangu wengi ni watu wa Nairobi, Kisumu, Arusha na Kampala. Wazee wetu wakiwa jikoni wanakata vitunguu, utawasikia wanaanza habari kwa Kipunjabi na kuimalizia kwa Kiswahili.

Mwezi uliopita gurdwara yetu, yaani nyumba yetu ya ibada, iliungua usiku. Tunashukuru hakuna aliyeumia, ila paa limeporomoka, ukumbi wa ibada umekwisha, na jikoni zimebaki kuta.

Kwa wasiofahamu, Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, kwetu ndiye Guru (mwalimu) aliye hai. Ana kurasa 1,430, hulazwa jioni na kuamshwa alfajiri, na akihamishwa hubebwa kichwani. Granthi wetu, yaani msomaji na mtunzaji wa kitabu, aliwahi kumtoa mmoja motoni, yaani nakala moja. Nakala zilizoungua tumezikusanya jivu kwa jivu, tukazifunga kwa kitambaa cheupe, zitamaliziwa kwa moto kwa utaratibu wa dini. Siku ile nimewaona wanaume wazima wakilia bila kuficha.

Sasa kamati imegawanyika. Wazee wanataka tujenge palepale. Vijana wanasema tuuze kiwanja, tununue ghala nje ya mji lenye maegesho. Yupo pia tajiri mmoja anayetaka kugharimia kila kitu, kwa sharti kwamba mkandarasi awe wake na ukumbi upewe jina la familia yake. Bima nao wanavuta miguu. Na hatuna pa kusalia, maana kumbi za kukodi zina baa, na Guru hapelekwi penye pombe na tumbaku. Tuanze na lipi?

MamaKijenge
Pole sana kaka yangu. Mimi Mlutheri, lakini nimekula langar, chakula cha bure cha gurdwara, njiani mara nyingi pale Makindu, gurdwara iliyojengwa 1926 na Makalasinga wa reli. Hakuna aliyeniuliza dini yangu, nilikaa chini na madereva wa malori tukapewa chapati na dengu. Ushauri wangu: anzeni na chakula. Ombeni ukumbi wa shule ya msingi, hauna baa na Jumapili uko wazi. Watu wakikosa kukutana miezi sita, kila familia itazoea gurdwara nyingine, na mkimaliza kujenga mtakuwa na jengo zuri lisilo na watu.

Bima_Kazi
Nimefanya kazi ya bima miaka mingi, nisikilize vizuri mkuu. Kwanza, msisaini karatasi yoyote iliyoandikwa malipo ya mwisho. Ombeni malipo ya awali. Pili, yule mthamini anayeletwa na kampuni anaifanyia kazi kampuni. Tafuteni wa kwenu. Tatu, tazameni kiasi mlichokatia bima. Kinatakiwa kiwe gharama ya kujenga upya, siyo bei ya kuuzia. Mikataba mingi ina kipengele kinachosema kama mlikata nusu ya thamani, hata hasara ndogo mtalipwa nusu yake. Taasisi nyingi za dini zinanaswa hapo.

Na kabla ya kubishana kuuza au kujenga, ulizeni halmashauri kama jengo linalindwa kisheria kama urithi. Huko Uingereza likiwa kwenye orodha, hamlibomoi wala kulibadili bila kibali.

KijanaWaLeicester
Naungana na vijana. Baba zetu walinunua majengo ya katikati ya mji kwa sababu waliishi jirani na walikwenda kwa miguu. Sasa bibi yangu anashushwa barabarani kwenye mvua kwa kuwa hakuna pa kuegesha. Eneo si Guru.

Seremala_Moshi
@KijanaWaLeicester nakuelewa mdogo wangu, na hoja ya bibi ni nzito. Ila mama yangu aliagwa katika ukumbi ule. Siwezi kulijadili kama ghala.

Kaka_wa_Jinja
Sat Sri Akal mzee. Sisi tuliotoka Uganda 1972 tulipewa siku 90, tukaacha gurdwara na kila kitu. Tulipofika huku tulisali sebuleni, viatu vimejaa ngazi mpaka nje. Jengo lilikuja baadaye, kwa fedha za mishahara ya viwandani.

Kuhusu huyo tajiri, kataeni sharti. Kumbukeni Akal Takht, kiti kikuu cha dini yetu kule Amritsar, India. Iliharibiwa na jeshi Juni 1984, serikali ikaijenga upya harakaharaka. Waumini hawakuukubali ule ujenzi. Mwaka 1986 waliubomoa, wakaanza kujenga wenyewe kwa kar seva, kazi ya kujitolea, kila mtu na karai lake la udongo. Akitaka kutoa, atoe kama wengine, sehemu ya kumi yake iingie kwenye sanduku bila jina. Halafu mkandarasi apatikane kwa zabuni ya wazi mbele ya waumini wote.

Na hamko peke yenu. Gurdwara ya Bow, mashariki mwa London, iliungua 2009. Jengo lile lilikuwa kanisa, likawa sinagogi, ndipo likawa letu. Watafuteni, wamepita njia hiyo.

Seremala_Moshi
Nawashukuru wote. Nimeongea na mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani, amekubali Jumapili, na jiko lake lina masufuria makubwa. Guru atakaa kwa familia moja yenye chumba kitupu cha ghorofani, tutambeba asubuhi na kumrudisha jioni. Kuuza au kujenga, waumini wote watapiga kura, wanawake na vijana wakiwemo, baada ya jibu la halmashauri. Tajiri nitamfuata mwenyewe.
@Bima_Kazi, mvua inaingia kwenye kuta zilizobaki. Tunaruhusiwa kufunika?

Bima_Kazi
Mnaruhusiwa, tena mnatakiwa, msipozuia uharibifu zaidi watawakata. Wapigieni simu leo, kisha waandikieni barua pepe ya kuthibitisha. Pigeni picha kila pembe kwanza, ndipo mfunike. Risiti ya turubai itunzeni, gharama hiyo nayo mtaidai kwa bima. Na vifusi msivitoe mpaka mthamini wenu aone.