Mafunzo ya kuhoji: kozi ya bweni, masomo ya mtandaoni au mkufunzi aje kituoni?

MkuuWaZamu:
Wakuu, salamu. Nasimamia kitengo cha upelelezi chenye watu 18. Fungu la mafunzo la mwaka huu linatosha jambo moja tu, na mezani nina njia tatu: niwapeleke wawili kozi ya bweni ya wiki kadhaa, niwaandikishe wote masomo ya mtandaoni, au nimlete mkufunzi siku tano afundishe kuhoji.

Kinachonisukuma ni kesi iliyotuangukia mahakamani. Mshukiwa alikiri, tukafunga upelelezi, hakimu akalikataa ungamo. Nilipoisikiliza rekodi ya mahojiano nilielewa kwa nini. Mpelelezi wangu ndiye aliyesimulia tukio lote, mshukiwa kazi yake ilikuwa kuitikia "ndiyo". Hadi leo sijui kama tulimkamata mwenye kosa. Nisaidieni kuchagua.

JaladaWazi:
Mkuu, pole. Mimi nimestaafu baada ya miaka mingi ya upelelezi na nimepita njia zote tatu.

Kozi za bweni zina thamani yake, ila angalia zinafundisha nini. Ile ya FBI pale Quantico, iliyoanza 1935, huchukua wiki 10 na inalenga hasa uongozi. Anayerudi huko anaweza kuwa kamanda bora. Lakini shida uliyoieleza iko kwenye chumba cha mahojiano, na waliobaki 16 wataendelea kuhoji kama walivyozoea. Usitegemee kwamba wawili watakuja kuwafundisha wenzao. Wakirudi wanakuta majalada yamerundikana, na madaftari ya kozi yanaishia kabatini.

MwendeshaMashtaka:
Kabla ya kuuliza mafunzo yafanyike wapi, mkuu, uliza yanafundisha mbinu ipi. Nimewahi kuona jalada likiharibiwa na mpelelezi aliyehitimu vizuri kabisa, kwa sababu alichohitimu ni kumbana mtu hadi akubali.

Mbinu ya Reid, iliyoenea kutoka Marekani, huanza na imani kwamba mshukiwa ndiye mkosaji. Ina hatua 9 za kumsogeza kwenye ungamo: kumkatiza anapokana, kumpa visingizio vya kupunguza uzito wa kosa, kumwekea njia mbili ambazo zote ni za kukiri. Mwaka 2017 Wicklander-Zulawski, kampuni kubwa ya mafunzo iliyokuwa ikiifundisha, ilitangaza kuacha, na sababu mojawapo ilikuwa hatari ya maungamo ya uongo.

Uingereza ilijifunza kwa uchungu. Wale wanne wa Guildford, walioshtakiwa kwa mabomu ya baa, walihukumiwa 1975 kwa maungamo yasiyoaminika na wakaachiwa 1989. Mwaka 1992 ikaja mbinu ya kuhoji iitwayo PEACE, kifupi cha hatua zake tano kwa Kiingereza: jiandae, mweleze mhojiwa haki zake na utaratibu, mwache asimulie kisha umhoji juu ya simulizi yake, funga vizuri, jitathmini. Lengo ni taarifa sahihi, akiri asikiri. Rekodi ya mahojiano ya namna hiyo naisimamia mahakamani bila wasiwasi.

ZamuYaUsiku:
Kwa heshima, mwendesha mashtaka, hiyo ni sawa kwa shahidi. Jambazi sugu ukimwambia "hebu nisimulie" atakusimulia uongo mtupu hadi asubuhi.

MwendeshaMashtaka:
Ndugu, aachwe aseme huo uongo! Unapoanza kwa kumtupia ushahidi wote mezani, unampa nafasi ya kutunga maelezo yanayolingana nao. Ukiushikilia kwanza, akasema usiku ule hakuwa na gari, kisha ukatoa picha ya gari lake, umepata kitu ambacho ungamo la kulazimisha halikupi. Katika PEACE kuhoji ukinzani kumo, ila huja baada ya simulizi.

ZamuYaUsiku:
Hapo nimekuelewa. Hilo la kushikilia ushahidi kwetu halikufundishwa. Tulifundishwa kumwonyesha kila kitu ili akate tamaa.

SautiNdogo:
Nahoji watoto waliodhulumiwa. MkuuWaZamu, nakuomba usome hili kabla ya kusaini chochote.

Sisi tunafuata mwongozo wa kuhoji watoto wa NICHD, taasisi ya Marekani ya afya ya mtoto, uliotengenezwa na mtafiti Michael Lamb na wenzake. Unamfundisha mhojaji kuuliza maswali ya wazi na kuepuka yanayodokeza jibu. Watafiti hao waliwafuatilia wahojaji waliofunzwa. Wakati rekodi zao zilipokuwa zikisikilizwa na kurudishiwa maoni mara kwa mara, walihoji vizuri. Usimamizi ulipokoma, katika miezi 6 iliyofuata ubora ulishuka. Watu walewale, mwongozo uleule.

Hata PEACE ilikutwa na hilo. Tathmini ya watafiti Clarke na Milne ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba mengi ya darasani hayakufika kazini, na usimamizi wa mahojiano ulikuwa hafifu.

Mimi mwenyewe nilikuwa naamini nauliza maswali ya wazi. Msimamizi wangu alinihesabia kwenye rekodi moja, na mengi yalikuwa ya "ndiyo au hapana". Nililia siku ile, kwa sababu nilikumbuka watoto niliokuwa nimewahoji kabla. Mkufunzi wa siku tano akishaondoka, nani atakuhesabia?

LangoKuu:
Mimi ni askari magereza, naomba nitetee mtandao kidogo. Kwa kujua kanuni, unafaa sana. Kanuni za Mandela za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa 2015, nilizisoma hivyo, kwenye masomo ya bure ya UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu. Ndipo nilipojua kwamba kumtenga mfungwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo kumepigwa marufuku. Nilikuwa nimeshaona mtu akitengwa zaidi ya hapo na hakuna aliyeshtuka. Kwa wapelelezi zipo Kanuni za Méndez za 2021, za kuhoji bila kulazimisha, na mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuhoji uliotoka 2024. Vyote havilipiwi.

Lakini kukaa mbele ya mtu na kumsikiliza, hilo sikulipata kwenye skrini.

MkuuWaZamu:
Nashukuru sana, wote. Nimebadilisha mpango. Kanuni na haki za mhojiwa, wote 18 watasoma mtandaoni bila malipo. Mkufunzi wa PEACE nitamleta siku tatu badala ya tano, kwa mazoezi ya kuigiza yanayorekodiwa. Siku mbili zilizobaki zitavunjwa vipande: atasikiliza nasi rekodi halisi kila baada ya wiki sita. Na mimi na msaidizi wangu tutafunzwa kusikiliza na kutoa maoni, ili akiondoka kazi isikome. SautiNdogo, mnatumia fomu gani?

SautiNdogo:
Karatasi moja tu. Tunahesabu maswali ya wazi, maswali dokezi, na mara ambazo mhojaji alimkatiza mhojiwa. Pia tunaandika nani alikuwa wa kwanza kulitaja kila jambo muhimu la tukio. Hilo la mwisho lingekuonyesha kasoro ya kesi yako ndani ya dakika kumi.

JaladaWazi:
Mkuu, rekodi ya kwanza kusikilizwa mbele ya kikosi isiwe ya yule kijana wa kesi iliyoanguka. Atavunjika, na wengine wataanza kuficha zao. Weka yako.

MkuuWaZamu:
Ninayo moja ya miaka minne iliyopita. Nitaisikiliza leo usiku, Jumatatu naipeleka.