Geko chui wawili tangi moja, mkubwa anamng'ata mdogo: nitenganishe au niongeze nafasi?

Kiguu_na_Mkia:
Wakuu, habari zenu. Nina geko chui (mijusi wa kufugwa wenye madoa) wawili wa miezi minane, nimeuziwa wote kama majike. Tangi la kioo sm 90 kwa 45, mkeka wa joto upande mmoja. Miezi mitano walikuwa wanalala wamelaliana. Wiki mbili hizi mkubwa (gramu 62) anamfukuza mdogo (gramu 41). Mdogo ana jeraha nyuma ya shingo, mkia una alama za meno, kahamia upande wa baridi na nyenje hawagusi. Nimeongeza maficho lakini bado. Niwatenganishe kwa muda kisha niwarudishe? Naomba kuwasilisha.

Magamba:
Watenganishe leo, na usiwarudishe. Wakishaanza kung'atana, ukiwakutanisha tena huanzia pale walipoachia.

Mdogo muweke kwenye boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, chini utandike karatasi za jikoni. Mchanga haufai, unaingia kwenye kidonda. Mkeka wa joto utandikwe chini ya boksi, kwenye theluthi yake moja tu, tena kwa thamostati (kifaa cha kudhibiti joto): sakafu nyuzi 32 hadi 33 upande huo, 25 upande wa pili. Weka maficho ya joto, ya baridi, na moja lenye karatasi mbichi ili ajichune ngozi vizuri. Geko asiyepata joto hasagi chakula, kwa hiyo kukataa nyenje huenda kumetokana na kufukuzwa kwenye joto tu.

Kidonda kisafishe mara mbili kwa siku kwa povidoni-ayodini iliyochanganywa na maji hadi rangi ya chai hafifu. Spiriti na peroksaidi usiguse, zinaunguza nyama mpya. Mkia ukikatika usiufunge bendeji; misuli yake hujibana na damu hukoma yenyewe. Ila akiba yake ya mafuta itakuwa imekwenda na mkia, basi mlishe zaidi. Ukiona uvimbe, usaha au weusi unaopanda, hapo ni kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia.

Bi_Mjusi:
Mkuu, mimi nina shaka na hayo "majike". Jeraha la nyuma ya shingo ndiko dume anakomshikia jike akimpanda. Mweke mkubwa kwenye chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, mtazame kwa chini. Dume ana vitundu vidogo vilivyojipanga kama V iliyopinduliwa kati ya mapaja, mara nyingi vimejaa nta, na nyuma ya tundu la haja kuna vinundu viwili vimetuna. Jike vitundu vyake ni hafifu na havina nta.

Mkia nao unasema. Ukiinuliwa na kupungwa polepole kushoto na kulia, ni onyo. Ncha ikitetemeka haraka hadi isikike, dume anatongoza.

Mkubwa akiwa dume, yule mdogo wa gramu 41 hajafikia umri wala uzito wa kutaga, na jike huhifadhi mbegu: anaweza kutaga mayai mawili mawili zaidi ya mara moja hata baada ya kutengwa. Mpe kisahani cha kalisi tupu, na boksi lenye udongo mbichi wa kuchimba. Mayai huonekana tumboni kama maumbo mawili meupe.

Kiguu_na_Mkia:
Asante, dada. Nimetazama, vitundu vina nta na vinundu viwili vipo. Basi nikigawa tangi katikati kwa kioo?

Magamba:
Kioo hapana. Wataonana usiku kucha, na mdogo ataendelea kujibanza. Ubao usiopitisha mwanga ni afadhali, lakini kila mmoja atabaki na sm 45 kwa 45 na joto lako liko upande mmoja tu. Nunua tangi la pili.

Sakafu_ya_Joto:
Mbona wapo wanaofuga majike watatu pamoja bila ugomvi?

Bi_Mjusi:
Wapo, hadi siku mmoja akose chakula. Na kulaliana si mapenzi, ndugu: wote wanataka pale penye joto, mwenye nguvu analala juu. Kuna na la yai: yakiatamiwa nyuzi 26 hutoka majike wengi, karibu 32.5 madume wengi, ukipanda 34 hurudi majike, na majike hao wa joto kali huwa wakali kama madume. Muuzaji wa dukani hakuambii yai liliatamiwa nyuzi ngapi.

Mkuu, mpime mdogo kila wiki kwa mizani ya jikoni, siku ile ile, kabla ya kula. Akishuka chini ya gramu 37, au wiki tatu zipite peke yake kwenye joto na mkia unazidi kukonda, peleka kinyesi kibichi kipimwe vimelea, kriptosporidiamu ikiwemo. Na huyo dume apimwe pia, maana walikuwa wanakunywa bakuli moja.