Naomba ushauri: walimu wa uzamili wanaishia kwenye slaidi tu

Habari zenu wadau. Nafundisha moduli ya teknolojia darasani kwa walimu wanaosoma uzamili. Tunatumia modeli ya TPACK ya Mishra na Koehler (2006), inayounganisha maudhui, ufundishaji na teknolojia. Nadharia wanaimudu, ila kwenye somo la majaribio la dakika 15 wengi wanahamishia notsi za ubaoni kwenye slaidi, basi. Mwanafunzi anabaki kunakili. Nimewataka waandike lengo la somo kabla ya kuchagua programu: maandalio yakanoga, ufundishaji ukabaki uleule. Kuongeza zana ndiyo kabisa, muda unaishia kwenye nywila na projekta.

Alama nizigawe vipi kati ya andalio, somo na tafakuri yao baada ya kufundisha? Na warudie somo lilelile baada ya maoni, au wafundishe jipya?